Picha Ndiyo ya Kubonyeza

Godoro lilikuwa limeshapandishwa kwenye pikapu na kufungwa kamba, kabati limelazwa chali kama mgonjwa, na dereva alikuwa anazunguka gari akipiga teke tairi moja baada ya jingine, kazi ambayo madereva huifanya wanapotaka mwenye mizigo ajue kwamba muda unakwenda. Mama Mdogo alikuwa amebaki na kiti kimoja tu, cha plastiki, na alikuwa amekikalia katikati ya chumba kitupu, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa jina lake. Kila aliyeingia kuchukua kitu alimzunguka. Hakuna aliyethubutu kumwambia ainuke.

Aliyekuwa akibeba zaidi ni mtoto wa dada yake, ambaye watu wa kazini walimwita Fundi kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza kurasa za kwenye kompyuta. Tangu asubuhi walikuwa hawajazungumza cha maana. Hiki je? Kiweke pale. Na hiki? Hicho mpe jirani. Mama Mdogo ndiye aliyemlea baada ya dada yake kufariki, akamvusha shule zote, na miaka yote hiyo alimwita mwanangu. Tangu siku ya kikao alianza kumwita Fundi, kama walivyomwita watu baki. Hakumnunia wala hakumtukana. Alimwita Fundi tu, na jina lile likawa linamchoma kuliko tusi.

Dereva, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Domo, aliingiza kichwa mlangoni akauliza kama kile kiti nacho kinasafiri au kinaachiwa mwenye nyumba.

"Kinasafiri na mimi," alisema Mama Mdogo. "Wewe kaza kamba huko nje. Mdomo wako haufungi mzigo."

Domo akacheka, akaondoka. Fundi naye alitaka kucheka, akamtazama mama yake mdogo, akaona uso wake haukuwa na mzaha hata chembe. Yale yalikuwa maneno yaliyotoka kwa mazoea, kama jogoo anavyowika hata siku ya msiba.

Alikuwa anahamia kwa binti yake, mji wa mbali, na sababu yake kila mtu aliijua.

Mama Mdogo alikuwa amekaa mapokezi katika kituo cha kusafisha damu tangu kituo kilipofunguliwa. Kilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, ngazi zake nyembamba na ukuta wake umechakaa kwa viganja vya watu wanaopanda wakijishikiza. Wagonjwa wa pale figo zao zilikuwa zimekufa, wakiishi kwa zamu: ukifika zamu yako unafungwa kwenye mashine, damu inatoka, inasafishwa, inarudi. Kukosa zamu kwa mtu kama huyo si sawa na kukosa sinema. Maji yanaanza kumjaa mwilini na sumu inabaki kwenye damu. Mama Mdogo aliwajua wote. Alijua nani anataka kitanda cha dirishani, nani haelewani na nani, nani atasema amekunywa maji kidogo na ukimtazama miguu unaona anadanganya.

Zamani zamu ziliandikwa kwa kalamu ya wino kwenye ubao mweupe. Baadaye daktari mkuu akataka ukurasa wa kompyuta, na Mama Mdogo ndiye aliyemtaja mtoto wa dada yake. Akamsifia mpaka daktari akachoka. Fundi akautengeneza: jedwali refu lenye majina ya wagonjwa, kila jina na mstari wake, na kwenye kila mstari vitufe vya kuthibitisha zamu, kuiahirisha au kuifuta. Akaujaribu kila upande, akafurahi, akakabidhi. Ndipo Mama Mdogo alipolalamika kwamba maandishi yenyewe ni kama mayai ya chawa. Fundi akijaribu kuyakuza, jedwali lilikuwa linamwagika nje ya kioo. Basi jioni moja, kwa mapenzi tu, akamchorea picha ndogo pembeni ya kila neno: tiki kwa kuthibitisha, saa kwa kuahirisha, kapu la taka kwa kufuta. Wauguzi walicheka wakasema hiyo sasa ni kompyuta ya chekechea. Mama Mdogo hakujali. Kila aliyepita mapokezi alionyeshwa. Mwanangu kanichorea hizi, alikuwa anasema.

Katika wagonjwa wale alikuwepo mtengeneza saa mmoja, mtu mkimya, aliyeitwa Mzee Saa. Alikuwa na kibanda chake mtaa wa pili, dirisha moja na meza moja. Zamu yake ilipokuwa ya asubuhi, alifika kabla ya mlango kufunguliwa, akasimama chini ya saa ya ukutani na kuwaambia wauguzi kwamba inachelewa. Wakamwambia airekebishe. Akawajibu kwamba hajaombwa rasmi.

Siku yenyewe, Mzee Saa alipiga simu kuuliza kama zamu yake ya kesho iko palepale. Mama Mdogo akafungua mstari wake, akaona iko, akamwambia aje kama kawaida. Hajaweka mkono chini, simu ya pili ikalia. Huyo alikuwa Mwalimu, mstaafu, mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Kitindamimba wake alikuwa anaolewa na yeye alitaka kusogezewa zamu yake, ambayo nayo ilikuwa ya kesho. Mama Mdogo akamtania kidogo, akampa hongera, akaenda kwenye mstari wake akabonyeza kitufe cha kuahirisha. Ukurasa ukamjibu: Imeahirishwa. Basi. Haukusema ya nani.

Siku iliyofuata ilikuwa siku yake ya mapumziko. Aliyeshika zamu mapokezi aliona Mzee Saa ameahirishwa, hakuwa na sababu ya kuuliza. Akaona Mwalimu hajaja, akampigia, Mwalimu akajibu kutoka kwenye shamrashamra kwamba yeye alishaomba ruhusa. Mashine mbili zikakaa bure mchana kutwa. Na Mzee Saa alikuwa nyumbani, ameketi, kwa sababu simu yake ilipokea ujumbe kutoka kituoni kwamba zamu yake imeahirishwa na atajulishwa. Mkewe alimwambia waende wakaulize. Yeye akasema yule mama wa mapokezi bila shaka ameangalia tena akaona nafasi hakuna, na si vizuri mtu kuvamia saa ya mwenzake. Akangoja kujulishwa. Alipoanza kuhema kwa shida bado alikuwa anangoja. Walimbeba mwishowe, wakampandisha zile ngazi nyembamba, akafia chini ya ile saa inayochelewa.

Kikao kilifanyika kwenye chumba cha dawa kwa sababu hakukuwa na kingine. Walikaa watu wanne katikati ya maboksi: daktari mkuu, muuguzi mkuu, Mama Mdogo na Fundi. Kompyuta ilionyesha wazi kwamba aliyeahirisha zamu ya Mzee Saa ni karani wa mapokezi, na karani aliyeketi pale saa ile ni mmoja. Mama Mdogo akaeleza kwamba alikusudia mstari wa Mwalimu. Muuguzi mkuu, kwa upole, akasema macho yake si yale ya zamani. Ndipo daktari mkuu akamgeukia Fundi akamuuliza kama ukurasa unaweza kumchanganya mtu na mtu.

Fundi alikuwa ameujaribu usiku kucha kabla ya kikao. Alibonyeza mstari wa Mwalimu, ukaahirishwa wa Mwalimu. Alibonyeza mstari wowote, ukaahirishwa mstari huohuo. Alikuwa amesali lipatikane kosa, na halikupatikana.

"Ukurasa hauna kosa," alisema. "Unafanya kile kilichoguswa."

 Mama Mdogo akavua kitambulisho shingoni, akaikunja kamba yake vizuri, akakiweka juu ya boksi la glavu.

"Kama mwanangu anasema ni mimi," alisema, "basi ni mimi."

Mpaka siku ya kuhama hakuwa amemwita hivyo tena.

Sasa Domo alikuwa amerudi tena mlangoni. Safari hii hakuwa na utani; alisema basi la kwenda kule hujaa mapema na kama tiketi haijakatwa, mizigo itafika lakini mama mwenyewe atabaki amekaa juu ya kiti chake stendi. Fundi akatoa simu, akafungua ukurasa wa kampuni ya mabasi, akaujaza mpaka mahali pa kuchagua siti. Hapo akampa Mama Mdogo achague mwenyewe. Alijua anapenda dirishani, ila hakutaka kumchagulia. Siku zile alikuwa anaogopa kumfanyia lolote asilomwomba.

Mama Mdogo akavaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaikaribia, akaisogeza tena. Kila siti ilikuwa na kiboksi chake, na ndani ya kiboksi palikuwa na picha ya kiti, ndogo kama punje ya mchele, na pembeni yake neno Chagua limeandikwa wazi. Akanyoosha kidole cha mwisho, kile chenye ukucha mrefu, akalenga kama mtu anayetoa kibanzi jichoni mwa mtoto, na kwa ncha ya ukucha akagusa picha. Ukurasa ulisita. Akalenga tena, akagusa picha ileile.

Fundi akamwambia kwa nini asiguse lile neno, ni kubwa zaidi.

"Maneno ni ya kusoma," alisema Mama Mdogo bila kuinua macho. "Picha ndiyo ya kubonyeza. Si wewe uliyenifundisha?"

Na ilikuwa kweli. Siku ile alipomaliza kuzichora, alisimama nyuma ya kiti chake pale mapokezi, akamshika mkono ulioshika kipanya, akamwambia asihangaike tena na yale maandishi. Auweke mshale juu ya picha, abonyeze, basi. Fundi aliikumbuka sauti yake mwenyewe ikisema hivyo, yenye furaha. Akakumbuka vilevile kwamba usiku ule kabla ya kikao alibonyeza kila mstari, kila kitufe, mara nyingi mpaka kidole kikauma, na kila mara alibonyeza kwenye neno. Yeye anaona vizuri. Wauguzi nao wanaona vizuri. Katika kituo kizima, mtu aliyebonyeza picha alikuwa mmoja.

Kuna kitu watu wasiofanya kazi hii hawakijui, na si vigumu kukielewa. Ukigusa kitu kwenye ukurasa, habari ya kuguswa haikai palepale. Inapanda. Inatoka kwenye picha inakwenda kwenye kitufe kilichoibeba, kutoka kitufe hadi mstari, kutoka mstari hadi jedwali lote, kama kilio cha mtoto kinavyotoka chumbani kikafika sebuleni, kikatoka mpaka uani. Fundi mvivu, au fundi mjanja, maana hapo hawatofautiani sana, haweki msikilizaji katika kila chumba. Anamweka mmoja uani. Msikilizaji wa uani akisikia kilio, anauliza: nani ameguswa? Ndivyo Fundi alivyofanya, na wenzake wote hufanya hivyo, si kosa. Kosa lilikuwa kwenye jibu. Alikuwa ameviandikia vitufe majina ya wagonjwa, kila kitufe na jina lake mgongoni. Ukigusa neno, kilichoguswa ni kitufe chenyewe, na jina lipo. Lakini ukigusa picha, kilichoguswa ni picha, na picha hazikuwa na jina lolote mgongoni. Alizibandika baadaye, jioni moja, kwa mapenzi, hakukumbuka kuziandika.

Hata hivyo ukurasa ulipaswa kukwama. Ungekwama, Mama Mdogo angempigia kelele, angekuja kuutengeneza, na Mzee Saa angefunguliwa mlango asubuhi. Haukukwama kwa sababu Fundi alikuwa ameuwekea adabu. Hakutaka ukurasa wake umwaibishe mbele za watu kwa kuganda; akauagiza kwamba usipopata jina, uchukue la mgonjwa aliyefunguliwa mwisho. Na kwa kawaida aliyefunguliwa mwisho ndiye huyohuyo anayeshughulikiwa. Kila siku Mama Mdogo aligusa picha isiyo na jina, na kila siku ukurasa ulibahatisha, ukapatia. Mpaka siku ile simu mbili zilipofuatana, naye akabonyeza kwenye mstari wa Mwalimu bila kuufungua kwanza.

 Fundi alikwenda jikoni, ambako palikuwa pamebaki jiwe la kukatia mboga na bomba linalodondoka, akafungua laptopu yake juu ya jiwe lile. Nakala ya ukurasa alikuwa nayo, na majina ya siku zile yalikuwa bado yamo. Akafungua mstari wa Mzee Saa, kama Mama Mdogo alivyofanya. Akaufunga. Akaenda kwenye mstari wa Mwalimu akabonyeza neno: Mwalimu. Akarudi, akafungua tena wa Mzee Saa, akaufunga, akaupeleka mshale kwenye ile picha ya saa aliyoichora kwa mkono wake, kwenye mstari wa Mwalimu, akabonyeza.

Mzee Saa.

Akarudia. Mzee Saa. Akarudia tena ingawa hakukuwa na haja. Bomba lilikuwa linadondoka kwenye sinki na Domo alikuwa anapiga honi.

Aliporudi chumbani Mama Mdogo alikuwa amesimama, kiti amekishika kwa mgongo wake, tayari kwenda. Siti alishapata. Fundi akamwomba akae. Akamwambia yote, palepale, amechuchumaa mbele ya kiti cha plastiki kama alivyokuwa akichuchumaa utotoni akitolewa mwiba. Alimweleza habari ya picha na ya majina na ya kubahatisha. Hakuremba. Mama Mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mkoba.

"Kwa hiyo sikukosea mstari," alisema.

"Hukukosea."

"Niligusa pa Mwalimu."

"Uligusa pa Mwalimu, Mama."

Akaitazama mikono yake, mmoja halafu mwingine, kama vitu alivyoazimwa. Fundi alingoja alie, au amzabe kofi, au aseme alijua. Chochote kati ya hivyo kingekuwa nafuu.

"Mimi nilishakwenda kwa mkewe," alisema Mama Mdogo. "Hukujua. Sikumwambia mtu. Nilipiga magoti kwenye sakafu yake ya saruji nikamwambia ni mimi niliyemwua mume wako, macho yangu ndiyo yaliyomwua. Nikafikiri ataniacha pale. Kisha akaniinua yeye mwenyewe. Akasema amenisamehe. Tukalia, akanipikia chai. Sasa unanitaka nirudi kwake nimwambie nini? Kwamba alijisumbua bure?"

Fundi akasema ataenda yeye. Ataenda kwa mjane, ataenda kwa daktari mkuu, ataitisha kikao kingine, mpaka Mama Mdogo arudishiwe kiti chake pale mapokezi.

Mama Mdogo akatikisa kichwa. Akamwambia kile kiti amekikalia mwingine, na pikapu imeshapakiwa. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema mtu anayemrudisha mtoto ndani kwa sababu mvua imeanza. Akainuka, akabeba kiti chake mwenyewe, akakataa kupokewa. Nje Domo aliona sura zao akameza alichotaka kusema, akampandisha Mama Mdogo mbele kumpeleka stendi, akafunga mlango taratibu kuliko kawaida yake. Kioo kilikuwa wazi. Mama Mdogo akatoa mkono akaugusa ukingo wa dirisha, pale vidole vya Fundi vilipokuwa.

"Nenda kwa yule mama, mwanangu," alisema. "Ila usimwambie nimekutuma mimi."

Pikapu ikaondoka, kabati likigonga kila mara gari lilipoingia shimoni, na mlio ule ukaendelea kusikika mpaka kona.

Kwa daktari mkuu alikwenda alasiri ileile, laptopu kwapani. Daktari alimsikiliza amesimama, akaonyeshwa, akaelewa haraka. Hakuwa mtu mjinga wala mbaya. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kosa limeshasahihishwa. Fundi akasema ni kazi ya mstari mmoja: badala ya kukiuliza kilichoguswa jina lake, unakiambia kitafute kitufe kilicho karibu yake kwa juu, na jina linaulizwa hapo. Na ile tabia ya kubahatisha unaifuta. Daktari akamwambia afanye hivyo sasa hivi. Swali la pili lilikuwa nani mwingine anajua. Fundi akamwambia. Daktari akakaa kitini.

Alisema kikao kilishafungwa, familia imetulia, karani mpya ameshaajiriwa. Akamuuliza anadhani wagonjwa watapanda zile ngazi kwa moyo gani wakisikia kompyuta inaweza kumwahirisha huyu badala ya yule. Fundi akasema wana haki ya kujua. Daktari akajikuna paji la uso.

"Kompyuta ilisema ni yeye," alisema. "Wewe ukasema ni yeye. Mwenyewe akasema ni yeye. Leo mimi nisimame na nani?"

Fundi akasema, na mimi. Daktari akamtazama kwa huruma, akamwambia aache mlango wazi akitoka, chumba kina joto.

Alisahihisha ule mstari pale mapokezi, kwenye kompyuta aliyokuwa akiitumia mama yake mdogo. Karani mpya, msichana mwenye macho makali, alimpisha kiti, akamwuliza zile picha ni za nini, maana yeye huwa hazigusi. Fundi akamwambia ni mapambo.

Kesho yake akaenda kwenye kibanda cha saa. Mjane alikuwa ameketi mahali pa mumewe, saa za watu zimetandazwa mezani na nyingine zimening'inia ukutani nyuma yake. Zote zilikuwa zinatembea, ila sasa hakuna mbili zilizokubaliana. Alikuwa anajaribu kujua ipi ni ya nani ili awarudishie wenyewe, na marehemu hakuwahi kuandika. Alikuwa anazijua kwa sura.

Fundi akasimama dirishani akajieleza. Alianza na ukurasa, akaenda kwenye vitufe, akaingia kwenye habari ya kitu kuguswa na habari kupanda, akatoa mfano wa mtoto anayelia chumbani.  Mjane alikuwa ameshika saa ya kike yenye mkanda mwekundu, anaigeuza. Fundi akafika kwenye picha alizozichora kwa mkono wake. Akasema yule mama wa mapokezi hakukosea. Akasema aliyekosea ni yeye. Akasema ameletwa na hilo tu, kuomba radhi.

"Hayo ya kompyuta siyaelewi," alisema mjane. "Lakini nimeelewa kwamba ni wewe."

"Ni mimi."

"Na kwenye kikao ulimsema yeye."

"Nilimsema."

Mjane aliiweka ile saa chini, akachukua nyingine, akaisikiliza sikioni.

"Yule mama alipokuja," alisema, "sikuwa na msamaha ndani. Nilitafuta. Nilitafuta mpaka chini kabisa, nikakuta mmoja, nikampa. Sina mwingine, baba. Nenda kwake, labda atakugawia."

Fundi akabaki amesimama. Hakujua mtu anaondokaje mahali kama pale. Saa ziliendelea kupiga kila moja kivyake. Baada ya muda mjane akainua uso akamwuliza kama kuna saa yake yoyote humo. Akasema hapana.

"Basi nipishe. Unanizibia mwanga."

Akampisha.

Jioni alimpigia Mama Mdogo, ambaye alikuwa amefika salama na kiti chake. Akamweleza aliyoambiwa, neno kwa neno. Upande wa pili watoto walisikika kwa mbali, sufuria inagongwa. Kisha Mama Mdogo akamwuliza kama amekula.

Mama Mdogo aliishi kwa binti yake, akilea wajukuu. Macho yake yaliendelea kupungua, na mwishowe jicho moja likaziba kabisa. Hakugusa tena kompyuta. Simu alipigiwa na watu, yeye hakupiga. Mwalimu alirudi kutoka harusini, akaendelea na zamu zake kitanda cha dirishani, na hakuambiwa kamwe kwamba zamu aliyoomba isogezwe haikusogezwa. Alikufa mwaka mwingine, kwa ugonjwa mwingine. Daktari mkuu alihamishiwa kituo kikubwa zaidi. Aliyekuja baada yake alileta ukurasa mpya kutoka kwa watu wengine, na wa Fundi ukazimwa pamoja na picha zake. Saa ya ukutani ilibadilishwa betri. Domo aliuza pikapu, akanunua nyingine mbovu zaidi. Mjane alirudisha saa alizoweza kuzitambua. Zilizobaki alizitia kwenye ndoo yenye mfuniko, akafunga kibanda, na siku hizi pale panauzwa vocha. Fundi bado anatengeneza kurasa. Akimaliza ukurasa huketi mbele yake akabonyeza kila picha, moja moja, kwa ncha ya ukucha wa kidole cha mwisho, na wateja humwona mtu wa ajabu. Kwa mjane hakurudi. Kwa Mama Mdogo huenda kila mwaka, hukaa siku chache, hula anachopewa, na bado hajaweza kumwomba amgawie ule msamaha.